Tulivyochagua Kitabu cha Kidato cha Tatu

Ndugu wasomaji, nanyi wazee wetu mliotutangulia katika shule hii, mwaka huu mlituletea fedha za kununua vitabu vya Kiswahili, na neno la kwanza ni asante. Neno la pili ni kuwaeleza fedha hizo zimekwenda wapi. Nasikia baadhi yenu mmeuliza kwa nini Chama cha Kiswahili kimewanunulia vijana wa Kidato cha Tatu kitabu cha vita na vifo, na hali madukani ziko hadithi nyingi za kuchekesha. Mimi ni katibu wa halmashauri iliyochagua. Nimo Kidato cha Sita, umri wangu ni miaka kumi na tisa, na nitaondoka hapa kabla vitabu hivyo havijachakaa. Basi yafaa niandike sasa.

Fedha zilitosha nakala arobaini za kitabu kimoja, na hapo ndipo ugumu wote ulipokuwa. Ukinunua vitabu vya namna nyingi, kila mtu huchukua akipendacho, na kisichompendeza hukirudisha rafuni. Lakini kitabu kimoja kwa nakala arobaini ni kitabu cha darasa. Kila kijana atakisoma apende asipende, na wengine watakisoma kwa sauti mbele ya wenzao. Tena kitasomwa miaka sita au saba, mpaka majalada yang'oke. Halmashauri ilikuwa na wanafunzi watano pamoja na Mwalimu wetu wa Kiswahili, naye alitupa sharti moja tu: kitabu kiwe cha mambo yaliyopata kutokea katika Afrika ya Mashariki, maana alitaka Kiswahili na historia visaidiane. Kisha akakaa nyuma, akanyamaza, kama ilivyo desturi yake.

Sharti hilo laonekana dogo, walakini jaribuni wenyewe. Historia yetu ukiigusa popote ina kidonda. Ukitafuta hadithi ya karne ya kumi na tisa, utakutana na misafara ya watumwa. Ukisogea mbele kidogo, utakuta viboko na kazi ya shuruti. Ukisogea tena, utakuta mapinduzi na vita vya sisi kwa sisi. Hata lugha yenyewe, hapa Uganda, haikutufikia mikono mitupu. Bibi yangu aliishi Kampala katika miaka ya 1970, wakati Idi Amin alipotawala, naye Amin ndiye aliyetangaza mwaka 1973 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya taifa. Kwa Bibi, Kiswahili kilikuwa sauti ya askari mlangoni usiku. Mwaka 1979 wakaja askari wa Tanzania, nao wakasema Kiswahili kile kile, ila wakitanguliza shikamoo na tafadhali. Bibi husema siku hiyo ndiyo aliyojua kwamba kumbe lugha ile ina salamu. Mpaka leo nikizungumza Kiswahili na mtu barabarani, yeye huacha anachofanya akasikiliza kwanza ni Kiswahili cha namna gani.

Kitabu cha kwanza kutajwa kikaoni kilikuwa Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934. Maktabani tunayo nakala moja, imeshonwa kwa uzi. Mbotela alikuwa mtoto wa mtumwa aliyekombolewa, mmoja wa wale waliopewa makao Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, mahali palipoanzishwa na misheni mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliotolewa majahazini. Kiswahili chake ni chepesi na kitamu, na najua baadhi yenu wazee mlikisoma mkakipenda. Lakini humo wabaya ni Waarabu, wakombozi ni Waingereza, na watumwa wenyewe kazi yao kubwa ni kungoja. Kidato cha Tatu kina vijana Waislamu wanne, na mmoja ni Mnubi kutoka Bombo. Katika shule ya misheni, kitabu kile kikisomwa peke yake, vijana hao wanne watageuziwa macho kila ukurasa.

Sisemi kwamba Mbotela alisema uongo. Biashara ile ilikuwako, na watu wa pwani waliifanya. Lakini hapa kwetu iko ngome ya Patiko, kaskazini ya Gulu, ambapo wafanya biashara wa Khartoum walikuwa wakiweka watu na pembe kabla Samuel Baker hajaichukua mwaka 1872, na wafanya biashara wale hawakupata watu bila wenyeji wa kuwasaidia. Kabaka Mutesa I naye alitoa pembe na watu ili apate bunduki na nguo. Kitabu cha darasa kinachozungumza habari ya utumwa bila kumtaja muuzaji wa kwetu humfanya msomaji wa Uganda kuwa mtazamaji tu.

Cha pili nilikitaja mimi: Peponi cha Abdulrazak Gurnah, yule Mzanzibari aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Alikiandika kwa Kiingereza mwaka 1994, na Ida Hadjivayanis akakitafsiri kwa Kiswahili kikatoka mwaka 2022. Kijana Yusuf, mwenye miaka kumi na miwili, anachukuliwa na tajiri Aziz kwenda pwani. Yusuf amezoea kumwita Aziz kwa jina la ujamaa. Kila akija kwao hunukia manukato, na akiondoka humwachia sarafu ya anna kumi. Yusuf anadhani anakwenda kutembea. Baadaye kijana mwenziwe dukani, Khalil, anamwambia kwamba Aziz si jamaa yake hata kidogo: baba yake anadaiwa, na yeye Yusuf ni rehani. Khalil naye ni rehani vile vile.

Nilikisoma likizoni kwa siku nne, na siku ya pili nilimwendea baba yangu nikamwuliza kama ana deni. Alicheka sana. Lakini hiyo ndiyo nguvu ya kitabu kile. Humo hakuna mwizi wa watoto anayeruka ukuta usiku. Aliyemtoa Yusuf ni baba yake mzazi, na aliyempokea ni mtu mpole asiyepandisha sauti. Hapo hakuna dini wala kabila la kuelekezewa kidole, maana kila mmoja wetu ana baba, na baba wengi wana madeni. Walakini Mwalimu alipima kitabu mkononi akasema Kiswahili chake ni kizito kwa vijana ambao wengi wao walianza lugha hii Kidato cha Kwanza. Tena mna mambo ya watu wazima, ya bibi wa nyumba na tamaa zake, ambayo vijana wa miaka kumi na mitano wangeyatafuta kwanza na kuyaacha mengine yote. Hilo sikuweza kulipinga. Mimi nawajua; nalala nao bweni moja, nikiwa kiranja wao.

Kitabu cha tatu kilikuwa Kinjeketile, mchezo wa kuigiza wa Ebrahim Hussein, uliotoka mwaka 1969. Kwa asiyekijua, habari yenyewe ni Vita vya Maji Maji, 1905 mpaka 1907, kusini ya nchi iliyotawaliwa na Wajerumani. Watu wanalimishwa pamba kwa nguvu, wanapigwa, wana njaa. Anatokea Kinjeketile, mtu wa Ngarambe, karibu na mto Rufiji. Pepo Hongo anampanda, anazama mtoni, anatoka na habari ya maji, na maji yale yanawaunganisha watu wa makabila yaliyokuwa hayapatani. Wanaamini kwamba risasi ya Mjerumani itageuka maji. Wanakwenda vitani, nazo risasi hazigeuki. Katika historia yenyewe waliokufa hawana hesabu ya hakika. Makadirio ya wanahistoria ni toka 75,000 mpaka 300,000, na wengi walikufa kwa njaa, maana majeshi ya Wajerumani yaliharibu mashamba na maghala ya chakula.

Aliyekitaja alisema kwamba ni kifupi, Kiswahili chake kinasemeka, na Kidato cha Tatu wataweza kukicheza jukwaani siku ya wazazi. Mjumbe mwingine akacheka. Akauliza ni nani leo atakayewahurumia watu waliokwenda mbele ya bunduki kwa kutegemea maji. Wa pili akaongeza kwamba darasa zima litacheka.

Mjumbe wa tano hakucheka. Yeye anatoka kaskazini, ni Mwacholi, na ni mtu wa maneno machache hata siku za kawaida. Alifunga daftari lake akatazama dirishani. Mwalimu akaangalia saa, akasema tutaendelea wiki ijayo.

Kwa wasomaji wa nchi jirani yafaa nieleze. Mwaka 1986, baada ya serikali kubadilika Kampala, mwanamke wa Kiacholi aitwaye Alice Auma alisema kwamba roho iitwayo Lakwena, maana yake mjumbe, imemtuma apigane vita na kuwatakasa watu. Wafuasi wake walipakwa mafuta ya kokwa za mti uitwao yaa, wakaambiwa kwamba aliye safi hatapenywa na risasi, na kwamba wasijifiche vitani. Walishuka kwa miguu toka kaskazini mpaka huku kwetu Busoga. Babu yangu ana nyumba kando ya njia itokayo Iganga kwenda Jinja, naye aliwaona mwezi wa Oktoba 1987, vifua vinang'aa, wanaimba nyimbo za kanisani, wengine vijana kuliko mimi sasa. Karibu na Jinja jeshi la serikali liliwashinda. Alice alikimbilia Kenya, akafia huko katika kambi ya wakimbizi mwaka 2007. Babu akisimulia hafiki mwisho. Hufika pale penye nyimbo, kisha huuliza kama ng'ombe wamenyweshwa.

Sasa mwaona. Kitabu cha Rufiji ya mwaka 1905 kikiingia katika darasa letu, hakibaki Rufiji. Kuna watoto wa wale waliopita njiani wakiimba, na kuna watoto wa wale waliojificha katika miwa wakiwasikia. Na katika darasa hilo hilo wako ambao shangazi au kaka zao walichukuliwa na jeshi la Kony lililofuata. Kila mtu hapa anajua habari ya wale wasichana 139 waliotolewa shuleni Aboke usiku mmoja, mwaka 1996.

Kikao cha pili, wajumbe wawili walikuja na shauri jema: Kinjeketile kiondolewe, ili tusimwumize mwenzetu wala ndugu zake wadogo walio Kidato cha Tatu. Mimi sikuunga mkono wala sikupinga, maana bado nilikuwa na Peponi yangu. Ndipo Mwacholi akaomba nafasi. Alisema tumemhurumia bila kumwuliza. Nyumbani kwao wawili walimfuata Alice, na mmoja hakurudi. Aliyerudi ni baba yake mkubwa. Ni mtu mkimya, analima ufuta, na watu wakitaka kumtania sokoni humwuliza bei ya mafuta. Mwenzetu akasema kwamba katika vitabu vyote alivyosoma, hiki ndicho kitabu pekee ambacho mtu wa namna ya baba yake mkubwa hachekwi, naye angependa wanaocheka wakisome mpaka mwisho.

Kisha akatuonyesha. Wengi hukumbuka maji tu, lakini Hussein hakuandika mchezo wa wajinga na maji. Kinjeketile wake ni mtu anayeshituka kwa maneno yaliyotoka kinywani mwake mwenyewe. Akiwa amepandwa na pepo alisema kwamba baada ya kuwashinda Wajerumani watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Alipopata fahamu akajiuliza: kumtoa bwana mmoja ili aingie bwana mwingine, huo ni uhuru gani? Akaanza kuona shaka kuhusu yule aliyemtuma. Akataka watu wangoje, wajifunze kwanza vita. Lakini neno lilikwisha kumtoroka. Lilikuwa la watu sasa, nao hawakutaka kungoja. Mwenzetu aliuliza, je, mtu akitoa neno la kuwaunganisha watu, kisha neno likawapeleka kwenye kifo, ana hatia kiasi gani? Na wale waliolikimbilia neno kwa sababu viboko vilikuwa vimewachosha, nao je?

Halafu kuna gereza. Vita vimeshindwa, na Mjerumani anataka jambo moja dogo: Kinjeketile aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Kinjeketile anakataa. Hakatai kwa sababu bado anaamini maji yatazuia risasi. Hilo amekwisha kuliona kwa macho. Anaona kwamba akikiri, Mjerumani atasema kwamba kupigana kwenyewe kulikuwa uongo, na watoto watakaozaliwa watafundishwa hivyo. Tulibishana juu ya ukurasa huo saa nzima. Mjumbe aliyecheka kikao cha kwanza alisema ni kiburi. Maelfu wamekufa, na mtu hana budi kusema kweli. Mwacholi hakusema Kinjeketile alifanya vema. Alisema tu kwamba hajui baba yake mkubwa angejibu nini, na kwamba angependa kusikia vijana arobaini wakilijadili jambo hilo bila mtu kuuliza bei ya mafuta. Kengele ya chakula ililia, na hatukuinuka.

Kura zilikuwa nne kwa moja. Ile moja ilikuwa ya Uhuru wa Watumwa, na mwenyewe bado anatudai sababu. Yangu ilikwenda kwa Kinjeketile, ingawa hata leo naona Peponi ni kitabu kikubwa zaidi, na nimemwomba mkutubi anunue nakala mbili kwa ajili ya Kidato cha Tano.

Baada ya kura kulikuwa na kazi ya kukubaliana kitasomwaje, na hapo Mwalimu alivunja kimya chake. Vitabu havitapelekwa bwenini. Hilo liliwaudhi wengine, lakini mimi namwunga mkono kabisa: kijana akikutana na jambo zito saa nne ya usiku, chini ya blanketi na tochi, wa kumwuliza ni mwenziwe asiyejua, naye atamjibu kwa mzaha. Kitasomwa asubuhi, darasani, na sehemu ya gereza itapewa vipindi viwili. Hakuna mwanafunzi atakayeulizwa watu wa kwao wanasemaje. Atakayependa kusema atasema. Na kabla ya kufungua kitabu, darasa litaelezwa historia jinsi ilivyokuwa, kwamba Kinjikitile Ngwale alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya watu wa Matumbi kung'oa pamba Nandete. Yaani yule wa kweli hakuishi kuona vita ikishindwa, wala hakuulizwa lile swali la gerezani. Swali hilo ni la Hussein, naye mwenyewe alieleza kwamba mtu wa mchezo wake si yule wa historia. Vijana wataulizwa kwa nini mwandishi alimwongezea maisha mtu aliyekwisha nyongwa. Nimeona jibu moja la Kidato cha Tatu katika daftari la majaribio, nalo ni fupi: maiti haulizwi.

Mchezo wenyewe hautachezwa siku ya wazazi mwaka huu. Ilipendekezwa, lakini wavulana wawili walikwisha anza kujipaka mafuta ya nazi kifuani wakichekesha wenzao uwanjani, na tukaona tungoje mpaka wamalize kusoma. Mwakani, labda.

Vitabu vimefika, arobaini kamili, na kimoja kimepigwa chapa juu chini. Vimeandikwa nambari na kutiwa mhuri. Sasa nina maombi mawili kwenu wazee. La kwanza, kama yuko mwenye nakala ya Uhuru wa Watumwa asiyeihitaji tena, atuletee. Tukipata kumi zaidi, Mwalimu atafundisha sura mbili tatu pamoja na habari za Patiko, na yule mjumbe wetu atapata raha. La pili ni kwa wale mliokuwa wanafunzi hapa mwezi wa Oktoba na Novemba 1987. Hatuna ukurasa hata mmoja maktabani unaoeleza siku zile shuleni: mlisikia nini, mliambiwa nini, masomo yaliendelea au hayakuendelea. Yeyote anayekumbuka aandike, kwa Kiswahili au kwa lugha yoyote, nasi tutatafsiri. Barua zipelekwe kwa mkutubi kabla muhula wa tatu haujafunguliwa, maana gereza litasomwa wiki ya pili.